Icyansi cha Chuma

Sebahire hakunywa maziwa. Kwa mtu wa milima ya Masisi, aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, hilo lilikuwa jambo la kusemwa, na lilisemwa sana. Wengine walidai amerogwa huko Kisangani. Wengine wakasema ni maringo ya mtu aliyezoea samaki wa mto na wali wa kampuni. Akiingia nyumbani kwa watu wakamletea maziwa, alipokea chombo kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka, akakigusisha mdomo, kisha akakirudisha kimejaa vilevile. Sasa, kurudisha maziwa ya mtu ni kumtukana bila kufungua kinywa. Sebahire aliwatukana majirani zake namna hiyo kwa miaka sita, wala hakueleza kwa nini. Angeeleza, angelazimika kuanzia kwenye mdomo wake mwenyewe, maana mdomo ndio ulioponza kichwa.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mukarugwiza, mjane mwenye ng'ombe kumi na wawili na msimamo mgumu kuliko pembe zao. Mungu alimpa wavulana wawili, Sebahire na Védaste, akamnyima binti. Hiyo ilikuwa shida, kwa sababu vyombo vya maziwa ni kazi ya wanawake. Icyansi, kile chombo kirefu cha mti kinachochongwa na kufunikwa kifuniko cha kusukwa, hakioshwi tu kikaachwa. Ukikiosha kwa maji peke yake, harufu ya jana inabaki, na maziwa ya leo yanaharibika. Lazima ukifukize. Unaweka makaa ndani ya kigae, unaweka nyasi juu ya makaa, unakiinamisha chombo juu yake, na moshi unapanda na kukaa humo ndani mpaka harufu ya jana itoke yenyewe. Mama aliwafundisha wanawe wote wawili, kwa kuwa hakuwa na wa kumfundisha mwingine.

"Moshi, si moto," alikuwa akiwaambia. "Nyasi zikiwaka, mumeharibu chombo."

Sebahire alijifunza kwa kununa. Védaste alijifunza kwa mapenzi, na akawa na mkono mwepesi kuliko hata wanawake wa jirani, mpaka wakamtania kwamba ataolewa. Hakukasirika. Hakuwa mtu wa kukasirika yule, na hilo nalo linauma.

Mwaka wa arobaini na sita Sebahire alipata karatasi ya ruhusa ya kwenda kutafuta kazi. Akashuka kwa miguu siku nne, kutoka kwenye baridi ya Masisi hadi kwenye joto la msitu wa Walikale, akapanda lori la kampuni hadi Lubutu, na jingine hadi Kisangani. Pale bandarini akaandikwa kazi ya kuosha matangi ya meli. Haikuwa kazi ya kujivunia. Unaingia kupitia tundu dogo la juu, unashuka ngazi hadi kwenye tumbo la chuma lenye giza, na ndoo na vitambaa, unakwangua. Unatoka jioni ngozi inanuka, chakula kinanuka, hata maombi yako yananuka.

Lakini mtu akirudi kwao haelezi kukwangua. Likizo ya mwaka wa hamsini Sebahire alirudi na kofia, viatu, na maneno. Watu walijaa uani kwa mama yake. Wakawa wanauliza, naye anajibu huku amenyoosha miguu mbele.

"Sasa hiyo meli inabebaka mapipa ngapi ya mafuta?" akauliza mzee mmoja.

"Hakuna hata pipa moja, Papa. Meli yenyewe njo pipa. Wanamwanga mafuta ndani yake hivi hivi."

"Unatudanganya."

"Haki ya Mungu! Na haziko namna moja. Kuko barji ya esanse, ya kuendesha motokari. Kuko ya mazutu, mafuta ya malori. Kuko ya mawese, ile iko na mabomba ya mvuke ndani ya tumbo, juu mawese ikipata baridi inaganda kama siagi, haitoki tena. Hizi barji haziko na mashini yao, meli ingine njo inazisukuma. Lakini nilifika Matadi, nikaona zile za bahari. Mashini iko kule nyuma kabisa, mbali, moto usifikie mafuta. Ikijaa inazama mupaka maji inatembea juu ya mugongo yake, na haina shida. Kuko hata zenye kubeba divai."

"Divai ya padri?" Watu wakacheka.

"Mafuta ikicheza ndani, meli haiwezi kupinduka?" Huyo alikuwa Védaste. Alikuwa amechuchumaa karibu kabisa, na mke wake mpya Libérata nyuma yake.

Sebahire akafurahia swali. "Wewe njo uko na akili. Umeona mwanamuke akibeba kibuyu nusu kwa kichwa? Kile kimejaa kinatulia, kile nusu njo kinamuangusha. Sasa ndani ya meli wanajenga kuta, wanagawanya tumbo vyumba vyumba, mafuta isikimbilie upande moja." Kisha, kwa kuona macho yote yako kwake, akatafuta neno la kufunga, na akalipata, na angelimeza ulimi wake siku ile ingekuwa afadhali. "Niwaambie kwa kifupi tu. Ile meli iko icyansi ya chuma. Wanaijaza, wanaimwanga, wanaiosha, wanaijaza tena. Basi."

Kilima kizima kilicheka. Wiki nzima neno hilo lilitembea kutoka boma hadi boma: icyansi ya chuma, icyansi ya chuma. Mwisho wa likizo Védaste akasema naye anakwenda. Mama akakataa. Libérata hakusema kitu, ana miezi minne tu ndani ya ndoa, atasema nini? Sebahire ndiye aliyemaliza maneno.

"Mama, muache aende. Minamuchunga mimi."

Tena akamchunga, tusimwonee. Alimtafutia nafasi kwenye kikosi chake cha waoshaji, pamoja na Hakorimana, mtu wa Kashuga. Alimfundisha kuingia peku, kwa sababu msumari wa kiatu ukigonga chuma unatoa cheche. Alimpa kibao cha mti cha kukwangulia, si cha chuma. Alimfundisha na lile neno ambalo kila mwoshaji wa mto alilijua kuliko Baba Yetu.

"Tangi yenye kujaa haiuaka mutu. Tangi tupu njo inauaka. Esanse wakiitoa, pumzi yake inabakia. Huioni. Moto kidogo tu, umekwisha."

"Nimesikia, kaka. Hakuna moto." Védaste alikariri kama mtoto wa katekisimu, na kama mtoto wa katekisimu alikuwa na maneno yote bila hata moja kumwingia.

Mwezi wa nane mwaka wa hamsini na moja, barji ya mawese iliharibika. Mafuta ya mashamba yalikuwa yanangoja kwenda chini Léopoldville, na bandarini palikuwa na barji moja tu tupu, nayo ilikuwa imetoka kumwaga esanse. Kampuni ikasema ioshwe, ibebe mawese. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa mvuke wa moto, siku mbili, pumzi yote inatoka. Ila chungu cha mvuke nacho kilikuwa kimepasuka. Kapita, yaani msimamizi wao, akawagawia sabuni na vitambaa, akasema Jumatatu anataka kuingiza pua yake ndani na asinuse kitu. Mawese yakinuka esanse, kikosi kizima kinafukuzwa.

Waliosha Alhamisi. Waliosha Ijumaa. Jumamosi jioni walikaa juu ya barji, watatu hao, macho mekundu, vichwa vinawagonga, na harufu ilikuwa palepale, haikusogea hata kidogo.

"Kaka," Védaste akasema, "hii harufu haitaki kutoka. Nyumbani, mama angefanya nini?"

Sebahire alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Akacheka. "Mama? Mama angefukiza."

Hakorimana naye akacheka. Védaste akatabasamu tu, kisha wakaenda zao kula. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kesho yake Jumapili Sebahire alikwenda misa. Védaste alisema kichwa kinamuuma, atabaki. Wakati watu wanaimba Utukufu kwa Mungu juu, mlio mmoja ukatikisa vioo vya kanisa. Sebahire alijua kabla hajafika mlangoni. Mlinzi wa bandari, aliyebahatika kuwa mbali, alieleza alichokiona: yule kijana alikuja na kigae kilichojaa makaa, amekifunika vizuri, na mganda wa nyasi kwapani. Mlinzi alimpigia kelele kwamba moto ni marufuku. Kijana akamjibu kwa upole kabisa, "Haiko moto, Papa. Iko moshi tu." Akashuka.

Walizika kilichopatikana. Mzungu wa kampuni alipomuuliza Sebahire ni nani aliyemfundisha ndugu yake ujinga ule, Sebahire alisema hajui. Hakorimana alikuwa amesimama hapohapo, akatazama viatu vyake.

Mwezi wa kumi na mbili Sebahire alifika nyumbani, saa za mchana. Njia nzima, tangu Lubutu, tangu Walikale, kwenye kila kilima alichopanda, alikuwa anapanga namna ya kumwambia mama. Alikuwa na maneno tayari. Nilisema neno la mzaha, mama, naye akalichukua. Maneno mafupi tu. Alipoingia uani, mama alikuwa ameinama juu ya kigae, anafukiza vyombo. Moshi ule ukamwingia puani. Akakaa chini kwenye majani, na mama alipomwona yuko peke yake hakuhitaji kuambiwa la kwanza. Aliuliza la pili tu.

"Alikufa na nini?"

Na yale maneno yote aliyoyabeba siku nne mgongoni yakamkimbia. "Homa, mama. Homa ya mto."

"Mwezi gani?"

"Wa munane."

Mama polepole akageuza kichwa kumtazama Libérata, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani.

Huo mwezi wa nane, Libérata alikuwa anafukiza icyansi cha mumewe. Mume akisafiri, chombo chake hakiachwi kikae bure. Kinaoshwa, kinafukizwa, kinawekwa mahali pake kumngojea. Siku hiyo aliitwa na jirani, akageuka kidogo, nyasi zikawaka moto, na chombo kikapasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Alikificha. Mama alikipata. Wakagombana, yakaisha. Sasa hayakuisha tena. Chombo cha mwanaume aliye safarini kimepasuka mikononi mwa mkewe, mwezi huohuo mwanaume akafa: kwa Mukarugwiza hapakubaki swali. Katekista alikuja kumwambia kwamba Mkristo haamini mambo hayo. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamjibu kwamba padri anajua sakramenti, hajui ng'ombe.

Wazee wawili wa ukoo waliitwa. Walikaa uani asubuhi, na kile chombo kilichopasuka kiliwekwa katikati kama maiti. Libérata aliulizwa, akakubali. Ni kweli, nyasi ziliwaka. Ni kweli, alikificha. Alikuwa hajazaa, hakuwa na mtoto wa kumfunga kwenye boma lile. Mzee mkubwa akamgeukia Sebahire, kwa sababu baba hayupo na yeye ndiye mkubwa wa nyumba.

"Sebahire, wewe njo ulikuwa na ndugu yako. Uko na neno?"

Hapo ndipo maisha yake yote yalipokuwa. Neno moja lingetosha. Hakuwa na haja ya kusema mengi: haikuwa homa, ilikuwa meli. Libérata alimtazama, si kwa kuomba, alimtazama kama mtu anayengoja lori ambalo anajua ratiba yake. Sebahire alimtazama mama yake. Alimwona anavyomtegemea, mwana pekee aliyebaki. Akamwona vilevile siku atakapolijua lile neno la kufukiza, akiishi nyumba moja na aliyelisema. Woga ukamshika. Ndiyo, woga; tusiuite huruma.

"Sina neno, Papa," alisema.

Wazee wakaamua Libérata afukuzwe. Siku ya tatu Sebahire alimbebea shemeji yake mkeka na sufuria hadi barabarani. Kaka yake Libérata alikuwa kwenye kikosi cha barabara kule Walikale, ndiye pekee aliyekubali kumpokea. Pale njia inapoanza kushuka, Libérata akachukua mzigo wake.

"Shemeji, ilikuwa homa kweli?"

"Kweli."

Akajitwika, akaenda.

Tangu hapo Sebahire hakuweza kunywa maziwa. Maziwa ya kwao yote yana ladha ya moshi, ndiyo utamu wake, na yeye kila akisogeza chombo mdomoni alisikia harufu ya bandari. Hakurudi kwenye kazi ya mto. Alichunga, alikamua, alipeleka maziwa kuuza kwa wengine wanywe. Watoto wakimwomba awaeleze habari za meli, aliwafukuza. Hakorimana alirudi kwao mwaka wa hamsini na tatu, na kuanzia siku aliyosikia habari hiyo Sebahire hakukanyaga Kashuga, hata ng'ombe wake walipopotelea upande huo. Wanawake wa jirani nao wakawa hawatupi macho pembeni wakati wa kufukiza, wakiambiana: angalia nyasi, usije ukawa kama Libérata. Jina la mtu likageuzwa kuwa onyo la vyombo. Sebahire alisikia, akapita.

Mwaka wa hamsini na saba mama akashikwa na kifua. Padri alimpa mafuta matakatifu. Jioni yake, jua bado liko juu ya kilima, alimwita mwanawe, akamshika mkono.

"Minaenda kuona Védaste. Nitamuambia: yule mwanamuke wako, tulimufukuza. Atafurahi."

Kinywa cha Sebahire kilifunguka. Mama alikuwa na masikio bado, akili bado, na nusu siku ya uhai. "Mama," alisema.

"Nini?"

"Munywe maji."

Alikufa alfajiri.

Matanga yalipokwisha, Sebahire alichukua fimbo yake na kushuka Walikale. Siku nne. Aliuliza watu wa barabara, wakamwelekeza. Alimkuta Libérata nyuma ya nyumba ya udongo, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, anakamua mawese. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakushtuka. Alinawa mikono, akamletea kiti, kisha akaleta kikombe cha maji na kumpa kwa mikono miwili.

"Kunywa tu, kaka. Huku hakuna ng'ombe."

Alikunywa. Halafu akayasema yote, bila kupumzika: Jumamosi jioni, chungu cha mvuke, mzaha, kigae, misa. Akasema haikuwa homa. Akasema chombo kile hakikumuua mtu. Alisema kwa sauti kubwa, mpaka jirani mmoja akachungulia. Alipomaliza alikuwa analia, na alijisikia mwepesi, Mungu amsamehe, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Libérata alikoroga mafuta yake.

"Nilijua," akasema. "Hakorimana alipitia hapa wakati alirudiaka kwao. Alinielezea yote. Iko myaka ine sasa."

"Ulijua? Juu ya nini haukuja kusema?"

"Niseme mimi? Nani angeniamini? Chombo kilipasukia mikono yangu. Ni wewe njo ungesema. Nikasema moyoni: Sebahire atachoka siku moja, atawaambia. Nikangojea." Alichota povu juu ya mafuta, akalimwaga pembeni. "Mama alisema nini ulipomuambia?"

Sebahire aliweka kikombe chini. "Mama alikufa. Mwezi wa tatu."

"Na wale wazee wawili?"

"Moja alitangulia mama kufa. Yule mukubwa masikio yake haisikii tena."

Mikono ya Libérata ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Sebahire usoni tangu afike, na macho yake yalikuwa yaleyale ya siku ile uani, isipokuwa sasa hayakungoja kitu.

"Basi, kaka," akauliza, "ulitembea siku ine kuambia nani?"

Sebahire akatafuta jina la mtu. Libérata akamngoja kidogo, kisha akarudi kwenye mafuta yake, kwa maana yalikuwa yanaanza kupoa.